Samaki Niliyewekewa

Muuguzi alibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, akasubiri kidogo, kisha akaondoa kidole. Shimo likabaki pale. Lilikuwa shimo dogo, kama alama unayoiacha kwenye donge la unga wa mandazi, na halikufutika. Akabonyeza mguu wa pili. Shimo lingine likabaki.

"Huyu iko na bwaki," akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi. "Mama yake iko wapi?"

Mimi nilikuwa nimesimama karibu sana, mwiko mkononi, mbele ya sufuria ya uji. Nilikuwa ninawaeleza akina mama wa mtaa wa Songo namna ya kusaga ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokauka vizuri na kuchanganya unga wake katika uji wa mtoto. Sentensi yangu ilikatika katikati. Mtoto aliyekuwa mikononi mwa muuguzi alikuwa wangu.

Hapa kwetu hakuna mzazi asiyejua maana ya bwaki. Ni ugonjwa wa mtoto anayejazwa tumbo bila mwili wake kupata unachokihitaji. Miguu inavimba, uso unajaa maji, nywele zinakuwa nyepesi na nyekundu, na mtoto anaacha kucheza. Ni ugonjwa unaosemwa kwa sauti ya chini, kwa sababu ukitajwa, watu hawamtazami mtoto. Wanamtazama mama.

Wanawake walionizunguka siku ile walinijua. Nilikuwa mhamasishaji wa kikundi chetu. Wao waliniita animatrisi. Kikundi kiliwaunganisha wanawake wanaokausha ndagala ufukweni, wakulima wa mpunga na maharage wa uwanda wa Ruzizi, na wafugaji wa milima ya Mulenge. Tulitaka chakula cha ziwa letu, cha uwanda na cha milima kiwalishe vizuri watu wa hapa, aliyekitolea jasho apate bei ya haki, na ziwa liachwe lipumzike na kuzaa. Mimi nilizunguka na moto, yaani pikipiki ya kukodi, kutoka mtaa hadi mtaa nikifundisha mapishi. Jumamosi nilisema kwenye redio. Nilikuwa na msemo wangu, rangi tatu kwenye sahani, na watoto wa shule walikuwa wakinipigia kelele barabarani: "Mama, rangi tatu!" Nami nilipunga mkono kama mbunge.

Mtoto alikuja pale kwa sababu mama mkwe wangu alimleta. Tuliishi naye, mimi, mume wangu na mtoto wetu huyo mmoja. Mume wangu ni dereva wa lori kwenye njia ya mji wa Baraka, na kazi yake ilimweka mbali na nyumbani kwa majuma mazima. Asubuhi ile mtoto alikuwa amelia bila kunyamaza, na mama mkwe aliposikia kwamba wauguzi watapima watoto katika ua ule wa Songo, akambeba mgongoni akaja kupanga mstari pamoja na wengine. Hakuniambia kwamba anakuja. Muuguzi alikuwa mgeni katika kituo cha afya cha mtaa, hakujua mtoto ni wa nani.

"Nimeuliza, mama yake iko wapi?"

Mama mkwe wangu aliinua macho akanitazama. Aliona mwiko, aliona sufuria, aliona kitambaa cha kikundi nilichojifunga kichwani. Kisha akamgeukia muuguzi.

"Mama yake iko ku kazi," akasema. "Minye ni nkambo yake."

Yaani, mimi ni bibi yake. Alisema hivyo ili anifiche. Nami nikakaa kimya.

Ningependa kusema kwamba nilikuwa nimeshtuka tu, kwamba ulimi ulikuwa mzito. Haikuwa hivyo. Nilielewa vizuri kabisa alichokifanya, na nikakipokea. Nikaanza hata kukoroga uji tena. Wanawake wa mbele walijua mtoto ni wangu. Walishamwona nyumbani kwetu, walishamtania kwa macho yake makubwa. Hakuna aliyefungua mdomo. Mmoja aliinama akaanza kumfunga upya mtoto wake mgongoni, ingawa kitenge kilikuwa kimekaza.

Muuguzi alikuwa ameanza kumpa mama mkwe maelekezo ya hospitali, ndipo mtoto akaniona. Hakulia. Hakuwa na nguvu ya kulia tena. Alininyooshea mikono yote miwili akasema, "Mama."

Muuguzi akafuata mikono ile kwa macho hadi kwangu. Alinipa mtoto, na kwa uzito wake mikononi mwangu nikajua kwamba kwa muda mrefu nilikuwa nimembeba usiku tu, akiwa amelala.

Tukaondoka na moto, mama mkwe na mtoto katikati, mimi nyuma. Sufuria niliiacha palepale juu ya mafiga.

Katika wodi ya watoto kulikuwa na joto na harufu ya maziwa. Mtoto alipewa maziwa ya dawa kwa kikombe, kidogokidogo, kwa sababu mwili wa namna ile hauwezi kupokea chakula kingi kwa pamoja. Mganga, yaani daktari wa wodi, alituuliza maswali kwa upole. Je, aliugua karibuni? Ndiyo, alipata surua wakati wa mvua, kisha akaharisha. Anakula nini nyumbani?

Nilifungua mdomo nijibu na nikagundua kwamba sijui.

Nilijua tulichonunua. Nilijua kwamba nilileta mkate, biskuti, na wakati mwingine chupa ya juisi ya rangi, ile ninayowakataza wengine, kwa sababu nikifika nyumbani nimechelewa nilitaka mtoto anifurahie. Lakini kilichoingia kinywani mwake mchana, siku baada ya siku, sikukijua. Mama mkwe ndiye aliyejibu.

"Asubuhi chai na mukate. Muchana bugali na mafuta, ao bugali na muchuzi. Mangaribi bugali na sombe, kama iko."

"Na samaki? Maharagi?" mganga akauliza.

"Muchuzi ya samaki, ndiyo."

"Samaki yenyewe?"

Mama mkwe akatazama mikono yake. "Samaki ilikuwa ya mama yake," akasema.

Nilielewa polepole, kama mtu anayesomewa barua kwa lugha asiyoizoea. Kila jioni nilipofika nyumbani, nilikuta sahani yangu mezani imefunikwa kwa sahani nyingine. Ndani yake kulikuwa na bugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki: kipande cha mukeke, samaki anayependwa wa ziwa letu, au ndagala waliokaangwa kwa nyanya na pilipili. Nilinawa, nikaketi, nikala huku nikiandaa maneno ya kesho. Sikuwahi kuuliza wengine wamekula nini. Ilikuwa sahani nzuri, na mara nyingi nilimsifu mama mkwe kwa mkono wake. Nilimaliza mpaka mifupa.

Mganga alipokwenda kwa mgonjwa mwingine, nilimwuliza, "Mama, kwa nini hukumpa mtoto?"

"Weye njo unatoka ku kazi," akasema. Alishangaa kwamba ninauliza. "Unatembea mu jua, unasema kutwa nzima. Mutoto iko nyumbani, iko kivulini, anacheza. Minye nililelewa vile. Mwenye anatumika kazi njo anakula nyama."

Hakuwa akijitetea. Alikuwa akinieleza kwamba amenipenda, na kwamba alinipenda kwa namna aliyoijua. Mimi niliyewahi kuwaambia mamia ya wanawake kwamba mtoto mdogo ndiye wa kwanza kupewa samaki, sikuwahi kumwambia yeye. Nilikuwa nimefundisha mitaa yote isipokuwa jiko la nyuma ya chumba changu.

Nilimpigia mume wangu simu kutoka kwenye veranda ya hospitali. Nikamweleza yote. Kisha akauliza, "Batu banajua?" Watu wanajua? Nikasema ndiyo, wote wa Songo wanajua. Akasema, "Sawa," kwa sauti ambayo sikuisahau, na akauliza habari za mtoto. Sikukasirika kwamba aliuliza kuhusu watu kwanza. Mimi mwenyewe tangu asubuhi sikuwa nimefikiria kitu kingine.

Uvimbe unapoanza kupungua, mtoto anaonekana mbaya kuliko mwanzo. Mashavu yalianguka, miguu ikawa vijiti, na ngozi ya mapajani ikabanduka kama ganda la kitunguu. Katika kitanda cha pili alilala mtoto wa mwanamke aliyeteremka kutoka Mulenge. Watu wao walikuwa na ng'ombe kabla vita havijawafukuza milimani. Sasa walipanga chumba kule Kavimvira na hawakuwa na hata mbuzi. Aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia ninafanya kazi ofisini. Ilikuwa mara ya pili kumficha mtu jambo lililo wazi, maana jioni ileile alinisikia kwenye redio ya mlinzi, kipindi kilichorekodiwa zamani, nikisema kwa furaha habari za rangi tatu. Akageuza kichwa akanitazama, mimi halisi, niliyekaa na kikombe kitandani. Hakucheka. Alisogeza kiti chake karibu akasema, "Lete, nikushikie mutoto. Kalale kidogo." Nikalala. Nilipoamka, mwanangu alikuwa amemaliza kikombe chote mikononi mwake.

Wanawake wa ufukweni walianza kuja kunitembelea. Niliwaogopa. Niliwaza kwamba watakuja kuona, kama watu wanavyokwenda kuona nyumba iliyoungua. Walikuja na walichonacho: kikombe cha maharage, ndizi, sabuni, kanga ya kumfunikia mtoto. Walikaa ukingoni mwa kitanda wakazungumza habari zao, za bei, za upepo, za mpaka uliofungwa na kufunguliwa, na mimi niliitikia tu.

Mmoja wao, mwanamke mpana mwenye sauti nzito, ambaye ndiye aliyewapanga wenzake kwenye vichanja vya kukaushia, alimtazama mtoto kwa muda kisha akasema, "Wa kwangu wa tatu alikuwa vile."

"Lini?" nikauliza.

"Ule mwaka weye ulikuja ku kwetu kutufundisha mara ya kwanza. Nilikuwa naye mugongoni. Nilimufunika vizuri, usione miguu."

Nilikumbuka mafundisho yale. Nilikumbuka kwamba wote walitikisa kichwa kwa kukubali na nikaenda nyumbani nimeridhika.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Ulikuwa unasema mutoto akule ndagala. Minye ninakausha ndagala toka asubuhi. Ninajua iko muzuri. Lakini ndagala zote zinaingia mu mufuko, mufuko unaenda Bujumbura. Ya kwetu ni ile inaanguka mu muchanga."

Wengine wakacheka, kicheko kifupi. Na mmoja akaongeza kwamba nyumbani kwake, hata hao wa mchangani, baba na mgeni ndio wanaotangulia.

Hapo niliona kitu ambacho kilinitia aibu kuliko hata miguu ya mwanangu. Kazi yetu kubwa ya mwaka ule, ile tuliyoisifu katika mikutano, ilikuwa kuwatafutia wanawake hawa soko zuri ng'ambo. Na tulilipata. Wateja wa Bujumbura walitaka ndagala safi, waliokaushwa juu ya vichanja badala ya mchangani, nasi tukawafundisha wanawake kuwakausha vile. Ndagala hao waliwapa kipato bora kuliko zamani, hilo ni kweli. Lakini kadiri ndagala walivyokuwa wasafi, ndivyo walivyozidi kuvuka mpaka. Zamani kulikuwa na wale waliovunjika, wenye mchanga kidogo, waliobaki sokoni kwetu na kuingia katika vyungu vya maskini. Sasa hata waliovunjika walipata mnunuzi. Kipato kikageuka mkate, sukari, chai na mafuta, vitu vya dukani vinavyojaza tumbo haraka, kwa sababu mwanamke anayekausha samaki kutwa hana muda wa kuchemsha maharage. Niliishi katikati ya hayo yote, nikala katikati ya hayo yote, na sikuona.

Mtoto alitoka hospitali akiwa mwembamba lakini anacheka. Tuliambiwa tumrudishe kila juma kwa ajili ya pakiti za karanga za tiba. Mimi sikurudi kazini mara moja. Nilipita njia za nyuma kwenda sokoni. Watoto wa shule wasiojua lolote waliponiita "Rangi tatu!" nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Mkutano uliobadilisha mambo sikuuitisha mimi. Uliitishwa na yule mwanamke mwenye sauti nzito, pale kwenye vichanja, asubuhi wakati boti zinarudi. Mimi nilikuja kwa sababu aliniambia nije. Walikuwepo wakaushaji, wavuvi wawili watatu, na wakulima waliokuja kutoka upande wa Kiliba na baiskeli zao. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na, kwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote ya kazi, sikusema.

"Ninataka tufanye hivi," yeye akasema. "Beseni ya kwanza, kila siku tunakausha, haiingie mu mufuko. Tunaigawa. Kila nyumba yenye mutoto inatwaa yake. Ile ingine njo inaenda soko."

Kelele zikaanza. Mwanamke mmoja kijana alisema mnunuzi wa Bujumbura anataka mifuko kamili, na akikosa atakwenda kwa watu wa Kalundu. Mvuvi mmoja akauliza kama tunataka kula mtaji. Mwingine akasema wanaume watakula beseni hiyo yote jioni, na watoto wataona harufu tu.

"Basi tuikaange hapa," mwanamke mwenye sauti nzito akasema. "Batoto bakuje hapa saa sita. Bakule mbele ya macho yetu. Mwanaume mwenye anataka ndagala ya mutoto, akuje aombe mbele ya bamama bote."

Kicheko kikapasuka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichopitisha jambo. Wakulima wakasema kama kutakuwa na chungu cha pamoja, wao wataleta maharage wabadilishane na ndagala, kwa kipimo cha makubaliano, bila mchuuzi wa kati. Mmoja wa walionitembelea wodini akamkumbuka yule mwanamke wa Mulenge wa kitanda cha pili. Ndugu zake waliobaki milimani na ng'ombe wachache walikuwa wakimwaga maziwa ya jioni kwa kukosa wa kuyabeba kuyateremsha. Ikatafutwa njia ya kumpata mtu wa moto wa kuyabeba.

Halafu wakanitazama mimi, kwa mazoea, ili nifunge mkutano kwa maneno mazuri. Nikasema tu, "Nitakuja kupika."

Haikwenda kama hadithi. Mpaka ulipofungwa, mnunuzi akapotea, na wanawake wakauza hata beseni ya kwanza kwa yeyote aliyepita, na hakuna aliyethubutu kuwalaumu. Maziwa ya Mulenge yalifika mara chache, kwa sababu barabara ya milimani ina siku zake na watu wenye silaha wana siku zao. Miezi ziwa linapofungwa ili samaki wazae, chungu kilikuwa cha maharage na mchicha wa lengalenga tu. Wako waliokataa tangu mwanzo na wanakataa hadi leo. Lakini chungu kipo. Saa sita unaweza kwenda ukawakuta watoto wameketi juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, kila mmoja na bakuli lake, wanawake wamewasimamia kama mapolisi. Wapo waliokuja na miguu imevimba na sasa wanakimbia.

Nilipika pale muda mrefu, nikapuliza moto, nikaosha bakuli. Watu waliona ni unyenyekevu. Ukweli ni kwamba jikoni hakuna anayekutazama usoni.

Kisha wakaja wageni kutoka Bukavu kuangalia chungu kile, watu wa vikundi kama chetu, wenye viatu safi na madaftari. Siku ile mama mkwe alikuwa amekuja na mtoto, akaketi kwenye benchi pamoja na akina bibi wengine. Mgeni mmoja, bwana mpole, akauliza wazo lilianzia wapi. Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyetaka kunitaja, nami nikaona wananificha tena. Nikasimama nikasema.

Nilisema vibaya, mambo ya mwisho yakitangulia ya mwanzo. Nilisema mtoto wangu mwenyewe aliugua bwaki wakati mimi ninafundisha. Nilisema muuguzi alipouliza mama yake yuko wapi, nilikaa kimya. Nilisema kwamba nyumbani kwetu samaki nilikuwa nawekewa mimi, na mtoto akapewa mchuzi.

Wageni wakanipigia makofi. Bwana yule mpole alifuta miwani yake, akasema ushuhuda wangu una nguvu sana, na kwamba ningefaa kuutoa mbele ya watu wengi zaidi. Nikaketi. Niliona aibu mpya, chafu kuliko ya kwanza, kwa sababu safari hii ilikuwa inasifiwa. Na nilipotazama kwenye benchi, mama mkwe hakuwepo.

Nilimkuta nyumbani akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Uliambia bageni nini?" akauliza.

"Niliwaambia ukweli, mama."

"Uliwaambia kama minye nilinyima mutoto."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema samaki ulikuwa unawekewa. Nani alikuwa anaweka? Iko mutu mwingine mu hii nyumba?"

Nilikuwa nimejivua mzigo na kumtwika yeye mbele ya watu wote wa ufukweni, yeye aliyenificha siku ile ya Songo bila mimi kumwomba. Kwa siku kadhaa alinisemesha kwa kupitia mtoto. "Mwambie mama yako maji iko tayari." "Mwambie mama yako ngurudumu ya baiskeli imekwisha pumzi." Sahani yangu sikuikuta tena mezani. Nilijipakulia mwenyewe, na nilistahili.

Jioni moja niliingia jikoni kwake, jiko la mabati nyuma ya nyumba, nikaketi chini karibu na moto. Mtoto alikuwa anakula ndagala kwa mikono miwili, ameupaka mafuta uso mzima. Tulikaa tukimtazama. Nikasema, "Mama, nisamehe. Nilisema habari za nyumba bila kukuuliza."

Alikoroga bugali muda mrefu, mwiko ukigonga chini ya sufuria.

"Ulisema nusu tu," akasema mwishowe. "Kama ulitaka kusema, ungesema yote."

"Yote gani?"

"Ulisema weye ulikuwa unakula samaki, mutoto anakula muchuzi." Akafuta jasho kwa kiwiko. "Na minye? Ulisema minye nilikuwa ninakula nini?"

Nilitafuta. Nilitafuta kwelikweli, nikajaribu kukumbuka jioni moja tu nilipomwona akila. Nilimkumbuka akipakua, akiosha, akimlisha mtoto, akinifunikia sahani. Sikumkumbuka akitafuna.

"Sikuuliza," nikasema.

"Ndiyo. Haukuuliza. Hata mganga hakuuliza. Bote mulikuwa munauliza habari ya mutoto." Hakuwa na hasira tena, alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nikatazama mikono yake iliyoshika mwiko, mishipa na mifupa tu, na vifundo vya miguu yake vilivyovimba, ambavyo tulizoea kusema ni uzee.

Machozi yalinijia nikayameza, kwa sababu kulia mbele yake kungemfanya aanze kunibembeleza, na hilo nisingelivumilia.

"Mama," nikasema, "kesho ninakwenda sokoni. Unataka kula nini?"

Aliacha kukoroga. Alinitazama kuona kama ninatania. Kisha akafikiri, na akachukua muda mrefu sana, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hajawahi kulipangia jibu.

"Mukeke," akasema. "Ya kukaanga. Na isigawanywe."

"Haitagawanywa."

"Nzima. Na kichwa."

"Na kichwa, mama."

Akarudi kwenye sufuria yake, na baada ya kidogo akaniambia nisogee, ninamzibia mwanga.